Shajara ya Mradi: Diwani Kongwe na Waliozimiliki

Januari: mipaka ya mkusanyo

Mradi huu umeanza rasmi mwezi huu, ingawa baadhi ya vitabu vinavyohusika vimekaa rafuni mwangu hapa Tanga kwa muda mrefu bila mpango wowote. Ninakusudia kukusanya diwani na tenzi za Kiswahili zilizopigwa chapa kabla ya mwaka 1975, zenye alama inayoonyesha kwamba ziliwahi kumilikiwa na mtu aliyejulikana katika ushairi, elimu, dini au utumishi wa umma, kisha kuandika, kwa kila nakala, njia iliyopitia tangu ilipotoka mtamboni hadi iliponifikia. Kikomo cha mwaka nimekiweka hapo ili *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla (1973) na *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi (1974) ziweze kuingia. Vilivyofuata ni vingi mno kwa mfuko wangu.

Umaarufu nimeupima kwa kipimo cha miji yetu. Kadhi, mwalimu aliyefundisha wazazi na watoto wao, malenga aliyesikika redioni na liwali wa zamani wote wanahesabiwa, na sioni sababu ya kumtanguliza mheshimiwa ambaye hakuwahi kufungua kitabu mbele ya karani aliyekisoma mpaka kikachakaa. Alama zenyewe pia sizipi uzito mmoja. Jina tupu au mhuri kwenye ukurasa wa kwanza ni daraja ya chini. Tabaruku iliyoandikwa kwa mkono wa mtunzi, akimpa kitabu rafiki au mshairi mwenzake, ni daraja ya kati. Ya juu kabisa ni nakala ambayo mmiliki wake alijadiliana nayo pembeni mwa beti, akasahihisha, akapinga, akaongeza. Nakala ya namna hiyo, hata ikiwa ni ya chapa ya tatu na haina jalada, nitaipendelea kuliko toleo la kwanza lililo safi kama lilivyotoka dukani.

Miswada ya hati za Kiarabu sitaikusanya. Hiyo ina mahali pake katika maktaba, na soko lake limekwisha kuharibu mambo mengi.

Februari: vitabu vinavyotafutwa

Orodha ya matoleo imekamilika, na katika kuiandaa nimeona jinsi ambavyo ushairi wetu ulipigwa chapa mbali na kwetu. *Diwani ya Muyaka* iliyohaririwa na William Hichens ilitolewa Johannesburg mwaka 1940 na Witwatersrand University Press, katika mfululizo ambao mwaka 1935 ulianza na mashairi ya Kizulu ya B. W. Vilakazi, na *Pambo la Lugha* la Shaaban Robert lilitokea katika mfululizo huohuo mwishoni mwa miaka ya 1940. Utendi wa Mwana Kupona, alioutunga mwaka 1858 kumuusia binti yake, ulitolewa na Alice Werner pamoja na Hichens mwaka 1934 kutoka Medstead, Uingereza, na *Al-Inkishafi* ya Hichens ikatoka London mwaka 1939. Ni baada ya kuundwa kwa East African Literature Bureau mwaka 1948 ndipo vitabu vya mashairi vilipoanza kuwafikia wasomaji wa huku kwa wingi na kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi aliweza kuimudu.

Mgawanyiko huu una maana kubwa kwa mradi, kwa sababu unaeleza ni nani angeweza kumiliki nini. Nakala ya Medstead ya mwaka 1934 yenye jina la Mswahili ni adimu tangu asili yake: vitabu hivyo vilinunuliwa zaidi na wamisionari, maofisa wa serikali ya kikoloni na maktaba za Ulaya, na Mswahili aliyekuwa nacho aghalabu alipewa kwa kuwa alisaidia kazi. Nakala ya Eagle Press, jina ambalo Bureau ilichapishia vitabu vyake, ya mwaka 1954, kwa upande mwingine, ingeweza kuwa ya mtu yeyote, na hapo jina lililoandikwa ndani linahitaji ushahidi zaidi.

Muyaka mwenyewe ni somo zima la umiliki. Alifariki mnamo mwaka 1840 bila kuacha diwani. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipoyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari William Ernest Taylor. Karatasi za Taylor ndizo Hichens alizozitumia, nazo leo zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Mtu anayeshika toleo la mwaka 1940 anashika kitu ambacho kimekwisha kupita mikononi mwa hawa wote kabla hata hakijawa kitabu, na kwa sababu hiyo katika daftari langu nimeanza kuandika wamiliki wa maandishi pamoja na wamiliki wa nakala. Nafasi ya Mwalimu Sikujua katika orodha hiyo ni ya kwanza, mbele ya Wazungu wote wawili, na nisingependa kuona maelezo ya kitabu hiki yanayomtaja kama msaidizi tu.

Machi: nakala ya Sheikh Amri

Kitabu kilichoingia mwezi huu kinastahili maelezo marefu. Ni *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilichotolewa mwaka 1954 na Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, na akafariki mwaka 1964. Aliyekimiliki alikuwa malenga wa mkoa huu ambaye wasikilizaji wa redio wa zama zile walimjua vizuri. Familia yake imekubali nieleze kitabu lakini imeomba jina lisitajwe hadharani, nami nimeridhia.

Jina lake limeandikwa kwa hati ya Kiarabu katika ukurasa wa jina la kitabu, kwa wino uliogeuka kahawia, na chini yake pana tarehe: Ramadhani 1374. Mwezi huo uliangukia kati ya Aprili na Mei 1955, kwa hiyo mtu huyu alikipata kitabu kikiwa bado kipya. Tarehe ya Hijria ni msaada mkubwa kwa mchunguzi, kwa kuwa mtu anayeghushi kwa haraka huandika mwaka wa Miladi uliochapwa kitabuni na kuishia hapo.

Ndani, katika sehemu ya sheria, hakuna alama nyingi. Inaonekana aliyasoma maelezo na kukubaliana nayo. Kazi imefanyika katika diwani. Kila mshororo wa mashairi ya mwanzo umekatwa kwa mstari mwembamba wa penseli baada ya mizani ya nane, mahali ambapo ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) unaachana na utao (nusu ya pili), na pale ambapo neno lingeweza kuhesabiwa kwa namna mbili ameweka nukta ndogo juu ya kila silabi. Kuna ubeti mmoja ambao nukta hizo zimefutwa kwa ufutio na kuwekwa upya, na unaweza kuona mikwaruzo ya hesabu ya kwanza ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga. Mbele kidogo penseli inaacha kuhesabu na kuanza kujibu: neno "kweli" pembeni mwa kina kimoja, alama ya kuuliza mbele ya kingine, na katika ukurasa mmoja kina cha kati kimezungushiwa duara, na mbele yake limeandikwa pendekezo la neno jingine lenye silabi ileile ya mwisho. Ndani ya jalada la nyuma pana beti zake mwenyewe mbili, ambazo sizinakili hapa kwa kuwa ni mali ya familia. Mshororo wa tatu wa ubeti wa pili ameuandika mara mbili. Wa kwanza una mizani kumi na tano badala ya kumi na sita, naye ameukata.

Uthibitisho ulipatikana kwa binti wa marehemu, ambaye ana barua na daftari za baba yake. Nilipomwonyesha picha za kurasa hizo hakuanza na jina wala tarehe, bali alinyooshea kidole zile nukta. "Mwanangu, baba hakusoma kitabu bila penseli sikioni," alisema, kisha akatoa daftari ambamo mashairi ya magazetini, aliyoyabandika kwa gundi ya unga, yalikuwa na nukta zilezile juu ya silabi. Hati ya jina inalingana na ile ya barua. Kwangu ushahidi wa daftari una nguvu kuliko wa sahihi, kwa sababu sahihi inaweza kuigwa, ilhali desturi ya kusoma ni vigumu kuiiga hata kama mtu angefikiria kufanya hivyo.

Nakala imewekwa katika daraja ya juu. Kitabu kimekuja kwa njia ya ununuzi halali kutoka kwa mjukuu aliyekirithi, na hati ya makubaliano, iliyosainiwa na pande zote mbili, imo katika faili.

Aprili

Masika yameanza, na kazi yote ni ya uhifadhi. Unyevu wa pwani ni adui wa kwanza: ukungu huanza mgongoni mwa kitabu, kwenye gundi, kabla haujaonekana kurasani. Vitabu vingi vyembamba vya miaka ya 1950 vilifungwa kwa pini za chuma, nazo zikishika kutu huila karatasi pande zote. Nimeamua kuzitoa pini zenye kutu na kushona upya kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale. Karatasi iliyokuwa imegusana na kutu naiacha ilivyo. Maandishi ya penseli hayafutwi wala hayapanguswi kwa hali yoyote, hata vumbi linapoonekana kuyaziba. Kila kitabu kimefungwa katika karatasi isiyo na asidi na kuwekwa kabatini juu ya miguu ya chuma, kwa ajili ya mchwa.

Mei: Muyaka mwenye sahihi ya shaka

Nimeletewa *Diwani ya Muyaka* ya mwaka 1940, katika hali nzuri sana, yenye jina la liwali mmoja wa zamani wa pwani na tarehe ya mwaka 1941. Jina la mtu huyo silitaji, kwa sababu hana kosa lolote katika habari hii. Bei iliyotajwa ilikuwa mara nyingi ya thamani ya kitabu chenyewe, na ilitokana na jina hilo peke yake.

Dai hilo halikuwa la ajabu. Maliwali wa pwani walikuwa watu wa vitabu. Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa liwali wa pwani ya Kenya, alikuwa mkusanyaji wa mashairi na mwandishi, na toleo la Muyaka ndilo hasa ambalo mtu wa cheo na elimu ya namna hiyo angependa kuwa nalo. Tatizo lilikuwa katika wino. Nikitumia kioo cha kukuzia niliona kwamba mstari wa herufi ulikuwa umechimba karatasi, haukusambaa kama usambaavyo wino wa kalamu ya nibu juu ya karatasi kavu ya wakati wa vita, na kila herufi ilipokunja kona palikuwa na kidoto kizito cha wino kilichobaki nyuma. Hizo ni dalili za kalamu ya biki, yaani ile yenye gololi ndogo nchani. Hata huko Marekani kalamu hizi zilianza kuuzwa kwa umma Oktoba 1945. Mtu aliyeandika mwaka 1941 Mombasa au Lamu hakuwa nayo.

Inawezekana, kwa haki, kwamba mmiliki aliandika jina na tarehe miaka mingi baadaye, akikumbuka mwaka aliokipata kitabu. Watu hufanya hivyo. Lakini katika hali hiyo tungetarajia ushahidi mwingine, na hapakuwa na mhuri wala maelezo, wala mtu yeyote wa ukoo aliyekijua kitabu. Nimekirudisha kwa muuzaji pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu wino. Alijibu kwamba wateja wengine hawaulizi maswali mengi kama mimi, na hilo naliamini.

Kwa faida ya wanaofanya kazi kama hii, nimeandaa ukurasa wa vipimo vya tarehe. Mhuri unaotaja "Tanganyika Territory" kwa kawaida ni wa kabla ya Desemba 1961. Unaotaja Tanzania hauwezi kuwa wa kabla ya Oktoba 1964, jina hilo lilipoanza kutumika. Bei iliyoandikwa kwa mtindo wa shilingi na senti zilizotengwa kwa mkwaju husaidia kidogo tu, kwa kuwa mtindo huo uliendelea hata baada ya shilingi ya Afrika Mashariki kutoweka. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha, ila kimoja kinaweza kutosha kukanusha.

Juni: mhuri wa maktaba

*Diwani ya Mnyampala* (1963) imepatikana Dar es Salaam kwa muuza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, ikiwa na jina la mwalimu aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri na, juu ya jina hilo, mhuri wa maktaba ya shule. Hapakuwa na mhuri wa kuonyesha kwamba kitabu kiliondolewa rasmi katika orodha ya maktaba. Kwa mujibu wa masharti niliyojiwekea, kitabu chenye mhuri wa maktaba bila mhuri wa kuondolewa ni mali ya maktaba hiyo hadi itakapothibitika vingine, na umaarufu wa mtu aliyeandika jina lake baadaye haubadilishi jambo hilo. Nimewasiliana na shule, imekitambua kitabu, na kimerudishwa. Katika daftari nimebaki na picha za kurasa mbili na maelezo ya njia yake, na nakiri kwamba niliifunga bahasha kwa moyo mzito, kwa sababu pembeni mwa ngonjera moja mwalimu huyo alikuwa ameandika majina ya wanafunzi waliopangiwa kila sehemu.

Julai: baba na mwana

Mwezi huu nimefuatilia vitabu vya mfululizo wa Johari za Kiswahili vya mwanzoni mwa miaka ya 1960, hasa tenzi za Hemed Abdallah el-Buhriy, mtunzi wa sehemu hizi zetu za Tanga. Utenzi wake wa *Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima* ulitafsiriwa na J. W. T. Allen, na ule wa *Abdirrahmani na Sufiyani* ukatafsiriwa na baba yake, Roland Allen, kasisi wa Kianglikana aliyejulikana duniani kwa maandishi yake juu ya umisionari, ambaye alijifunza Kiswahili uzeeni na kufariki Nairobi mwaka 1947. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1961, baba akiwa amekwisha kufariki, kwa juhudi za mwana. Huyo mwana ndiye aliyezunguka pwani akikusanya miswada na kanda za sauti ambazo ziliwekwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa Leiden mwaka 1970. Nakala yoyote ya tenzi hizi iliyokuwa ya mmoja wa watu waliompa Allen miswada yao ingekuwa ya thamani kubwa katika mkusanyo huu, kuliko hata nakala ya Allen mwenyewe, kwa kuwa ingeonyesha kilichorudi kwa wenyewe baada ya karatasi zao kuondoka. Nimeandikia koo mbili ambazo nina sababu ya kuamini kwamba zilipokea vitabu hivyo.

Jambo hili limenirudisha kwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango na mwanamuziki, ambaye aliwanakilia tenzi Alice Werner, Hichens na msomi wa Kijerumani Ernst Dammann. Nakala za Dammann ziko Berlin. Kwa kazi ya Kijuma mmiliki alijulikana kabla kitabu hakijaandikwa, na chaguo la tenzi zipi zinakiliwe lilitegemea kwa sehemu mteja alitaka nini. Siwezi kuzungumzia wamiliki maarufu kana kwamba walipokea tu vilivyokwisha kuwapo. Wengine kwa kuagiza na kulipa walichangia kuamua ni kipi kitasalia.

Msomaji mmoja wa shajara hii ameniuliza kwa nini sikusanyi vitabu vya washairi wa Kiingereza, ambavyo historia ya umiliki wake imeandikwa kwa kina. Ni kweli kwamba huko kazi imefika mbali. Nakala ya tamthilia za Shakespeare, chapa ya mwaka 1808 inayoiga ile ya 1623, ambayo John Keats aliandika ndani yake soneti yake juu ya kuisoma tena *King Lear* kisha akampa mchumba wake, Fanny Brawne, ingalipo katika nyumba ya makumbusho ya Keats, Hampstead, na yeyote anaweza kusoma maelezo yake. Hakuna haja ya mtu wa Tanga kuongeza neno hapo. Kurasa zenye penseli ya yule malenga wetu, kinyume chake, zingefungiwa maandazi.

Agosti: tabaruku na ruhusa

Nakala ya *Malenga wa Mvita* ya Ahmad Nassir (1971), iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, imeingia ikiwa na tabaruku fupi ya mtu kumpa mwalimu wake wa zamani. Mtoaji si mtunzi, kwa hiyo inabaki daraja ya chini hadi mpokeaji atakapotambuliwa kwa uhakika.

Kuhusu *Sauti ya Dhiki* nimejizuia. Mashairi yale yaliandikwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, kwa siri, juu ya karatasi za msalani, na toleo la mwaka 1973 likapewa tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Wako watu wanaotafuta nakala zenye sahihi ya mtunzi kwa ajili ya kuziuza Ulaya. Mtunzi yu hai, na nakala alizowapa marafiki zake ni habari baina yake na wao. Nisingependa kuwa sababu ya mtu kuuza zawadi. Nitapokea nakala ya kitabu hiki iwapo tu mmiliki mwenyewe ataamua kuikabidhi kwa mradi.

Septemba: hali ilivyo

Rejesta sasa ina sehemu sita kwa kila kitabu: toleo, hali ya kitabu, alama zilizomo kwa picha, mnyororo wa wamiliki, ushahidi wa kila kiungo, na ruhusa ya familia. Kiungo kisicho na ushahidi kinaandikwa kwa penseli katika rejesta ya karatasi na kwa rangi ya kijivu katika ile ya kompyuta, ili asije mtu akakinukuu kama jambo lililothibitika. Ukoo mmoja kati ya ile miwili ya habari za Allen umejibu na kunialika baada ya mavuno ya karafuu, kwa kuwa mzee anayeshika funguo za sanduku yuko Pemba hadi wakati huo. Kabla ya safari hiyo nitakamilisha kupiga picha kurasa zote za nakala ya Sheikh Amri, ili binti wa malenga apate seti yake kabla sijaonyesha ukurasa wowote kwa mtu mwingine.